Hukumu Imetoka, Kibali Bado

Somo la familia. Someni kwanza: Ezra 4:24 hadi 6:12, Warumi 8:15 na 8:23.

 Katika kambi zetu hakuna asiyejua maana ya kuambiwa kwamba faili yake bado. Mara hii tuwatazame watu wengine waliongoja, ambao hawakuwa wakimbizi.

Tarehe 25 Septemba 2013, idara ya uhamiaji ya Kongo, yaani DGM, ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Angalieni hali ilivyokuwa. Mahakama ya Kongo ilikuwa imekwisha kutoa hukumu kwamba mtoto huyu sasa ni wa Bwana na Bibi fulani. Wengine walikuwa hata na viza mkononi. Ilibaki karatasi moja tu, na bila hiyo hakuna kupanda ndege. Mamia ya watoto walikwama hivyo, wa familia za Marekani, Italia, Ufaransa, Ubelgiji na kwingineko.

Baadhi ya wazazi waliacha kazi wakapanga nyumba Kinshasa ili wakae na watoto wao. Wengine hawakuweza, wakawa wanatuma pesa za chakula kila mwezi kwa walezi na kumwona mtoto kwenye picha. Mtoto hangoji karatasi ili akue; meno yanang'oka, viatu vinabana. Mwezi Mei 2014 watoto 31 walifika Italia. Waliobaki, wengi wao walingoja mpaka Novemba 2015, au mpaka mwaka 2016.

Ni rahisi kuwakasirikia wakubwa wa Kinshasa. Lakini serikali ilitoa sababu: hofu ya biashara ya watoto, karatasi za kughushi, na habari za watoto walioteswa au kupewa watu wengine baada ya kufika ng'ambo. Haikuwa hofu ya bure. Baadaye uchunguzi wa Ubelgiji, kwa kupima damu ya ukoo (DNA), ulionyesha kwamba baadhi ya watoto waliofika huko mwaka 2015 hawakuwa yatima hata kidogo. Wazazi wao walikuwa hai Kongo, wakiwatafuta. Karatasi zao zilikuwa na mihuri yote. Kwa hiyo tusiseme upesi kwamba kila kucheleweshwa ni uonevu, wala tusiseme kwamba kila kucheleweshwa ni hekima. Mtoto asiye na mtu aliumia kwa kungoja. Mama aliyeibiwa mwanawe aliumia kwa sababu mtu hakungoja.

Sasa fungueni Ezra. Kazi ya nyumba ya Mungu ilisimamishwa kwa barua, ikakaa hivyo mpaka mwaka wa pili wa Dario. Walipoanza tena, liwali Tatenai akaja kuuliza ni nani aliyewapa ruhusa, akataka na majina. Wazee hawakutunga hadithi. Walieleza habari yao yote, hata dhambi ya baba zao iliyowapeleka Babeli, kisha wakaomba kumbukumbu zitafutwe. Zilitafutwa Babeli, gombo likaonekana Akmetha. (Tangu zamani faili hukaa kwenye ofisi ile nyingine.) Lakini msipite haraka Ezra 5:5: barua ilipokuwa njiani, ujenzi haukusimama. Vivyo hivyo wale akina mama wa Kinshasa. Kupika, kumfundisha mtoto kusoma na kumwombea usiku hakuhitaji kibali cha mtu.

Paulo naye, katika Warumi 8, anasema tumekwisha kupokea roho ya kufanywa wana, na mistari michache mbele anasema bado tunangoja kufanywa wana. Kwa Kiyunani ni neno lile lile. Hukumu imetoka, nyumbani hatujafika. Mtoto wa Kinshasa angemwelewa Paulo kuliko wasomi wengi.

Tuje kwetu. Katika nyumba zetu wamo watoto ambao hatukuwazaa: wa marehemu dada, wa jirani, yule aliyeokotwa njiani siku ya kukimbia. Wengine huwaandikisha kama watoto wa tumboni ili faili iende mbio. Ndugu, msifanye hivyo. Mwongozo wa UNHCR unasema mtoto aliyetengana na wazazi asiasiliwe wakati kuna tumaini la kuwapata watu wake, na kwa kawaida ipite angalau miaka miwili ya kuwatafuta. Nendeni kwa wahusika wa ulinzi wa watoto, mkaseme ukweli alivyofika kwenu na jina alilokuja nalo. Siku ya mahojiano mtoto anaweza kuulizwa peke yake, na neno moja lisilolingana linaweza kusimamisha faili ya nyumba nzima. Lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba huenda mama yake yuko kambi nyingine, amekwenda kwa Msalaba Mwekundu na kutaja jina lile la kwanza. Mkilifuta, atatafutwa wapi?

Ya kujadili katika vikundi vya nyumbani: Kwa nini wazee wa Yuda walitaja hata makosa ya baba zao mbele ya liwali? Mtoto mliye naye anajua nini juu ya wazazi wake, na nani alimwambia? Kama jina lake lilibadilishwa, nani kati yenu atakwenda naye ofisini kulirudisha?