Kukopia Ili Kujifunza Rangi ya Mafuta



Mutacheka kuona prefe, yeye anayekamata wenye kukopia katika mtihani, anaandika juu ya kukopia. Lakini katika rangi ya mafuta, kukopia ni somo lenyewe. Kule Louvre, mjini Paris, tangu mwaka 1793 watu wanaruhusiwa kusimama mbele ya picha za wakubwa na kuzikopia. Ila ukubwa wa kopi usilingane na ule wa picha yenyewe, asije mtu akadanganya wanunuzi. Nawe andika nyuma ya kazi yako: kopi, kisha jina lako.

Tuchukue picha ya msichana mwenye hereni ya lulu. Aliipaka Johannes Vermeer, Mholanzi, karibu mwaka 1665. Ni ndogo tu, sentimetre 44.5 kwa 39, na iko katika nyumba ya Mauritshuis, mjini La Haye.

Usianze na lulu! Kila mtu anataka kuanza pale. Vermeer alianza na kahawia na nyeusi, akatenga kwanza pahali pa mwanga na pahali pa kivuli. Rangi ya chini iwe nyembamba, yenye mafuta kidogo, uiache ikauke. Ile ya juu njo inaongezwa mafuta. Ukigeuza, ya juu itakauka mbele ya ile ya chini, na kisha itapasuka. Kungojea ni siku, si saa. Mwenye haraka achukue rangi ya maji.

Sasa angalia pua. Tafuta mstari unaoitenga na shavu la upande wa mbali. Hakuna! Mwanga wa pua na wa shavu umeungana, na jicho lako njo linaweka mpaka. Mtu anaweza kuangalia picha ile miaka mingi asione jambo hilo, mpaka siku mkono wake unataka kuchora mstari usiokuwapo. Lulu nayo ni vile: doa jeupe zito juu, na chini mwanga hafifu wa kola nyeupe. Hata kulabu ya kuishika sikioni haiko.

Kunabaki ule weusi nyuma ya msichana. Mwaka 2018 wataalamu waliuchunguza, wakakuta kwamba zamani palikuwa pazia la kijani, rangi imeharibika. Basi mwenye kukopia apake nini, weusi tunaouona ao kijani cha Vermeer? Mimi ningepaka kijani kizito, juu bluu na manjano ya kitambaa cha kichwa vilipangwa kando yake.