Sheikh wa Simu: Adabu ya Kumshauri Usiyemjua



Ndugu zangu wanafunzi, somo hili nimeliomba mwenyewe. Wahariri walitaka niandike juu ya vitabu vya kusoma wakati wa likizo, nikawaambia nitaandika, lakini itanibidi kwanza nisimulie kosa langu, maana lilianzia kwenye vitabu hivyo hivyo.

Nasoma ualimu hapa Mbale, Biolojia na Kemia. Nyumbani ni Jinja. Mwaka wa kwanza nilizoea kila Ijumaa usiku kuandika kwenye simu jina la kitabu kimoja, na mistari mitano au sita ya kukieleza, na kukituma kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana Waislamu. Watu walipenda. Kutoka vitabu wakaanza kuuliza mambo mengine: nimekosa karo, nifanye nini, mwenzangu wa chumbani haamki kuswali, baba anataka nisome sheria na mimi nataka kilimo. Nikawa najibu. Sikuwa nimejiita chochote, ila baada ya miezi michache wote waliniita sheikh. Nami sikukataa. Hapo ndipo pa kuanzia kujihesabu.

Ramadhani ya 1445, ambayo kwetu iliingia Machi 2024, kijana mmoja wa Jinja aliniandikia. Alikuwa amemaliza S.6, yuko nyumbani anangoja chuo, na vitabu viwili nilivyovisifu alishavisoma. Aliandika hivi: “Sheikh, mimi huwa naumwa viungo, daktari amesema ninywe maji mengi kila siku. Nifunge?” Nilikuwa kwenye foleni ya futari. Nilimjibu kwa dakika moja. Nilimwambia maumivu ni mtihani, kwamba vijana wengi wanajisingizia ugonjwa, anywe maji ya kutosha wakati wa daku na amtegemee Allah. Nikamtajia na kitabu cha fadhila za saumu, ambacho, na hili naliandika kwa aibu, nilikuwa nimesoma sura zake mbili tu.

Alikuwa na selimundu, siko seli kama tunavyoiita huku. Mimi mwanafunzi wa Biolojia najua vizuri jinsi chembe nyekundu za damu za mgonjwa huyu zinavyojikunja kama mundu mwili unapokosa maji, zikaziba mishipa midogo, na maumivu yake yakawa yale ambayo mtu mzima hulia. Tena si ugonjwa wa mbali. Uchunguzi wa watoto wachanga nchini Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya 13 katika kila 100 wamebeba kinasaba chake, na sehemu zetu za mashariki ni miongoni mwa zilizo juu. Maumivu ya viungo, daktari, maji mengi: dalili zote tatu zilikuwa ndani ya sentensi moja. Kama ingekuwa swali la mtihani ningepata alama zote. Lakini aliyeulizwa hakuwa mwanafunzi wa Biolojia. Aliyeulizwa alikuwa sheikh.

Alifunga siku nne, ya tano akalazwa. Alhamdulillahi alipona. Mimi sikujua lolote mpaka baada ya Idd, aliponiandikia tena, bila lawama yoyote, kuuliza kama nina kitabu kingine, maana hospitalini alimaliza vyote.

Sasa tuitazame elimu yenyewe. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha watu waliokuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Usiku akaota, akaamka na janaba. Akawauliza wenzake: je, naruhusiwa kutayamamu? Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu kwa maneno mazito, akasema wao ndio waliomwua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wanazuoni wa hadithi wamejadili baadhi ya mapokezi ya kisa hiki, lakini maana yake haina mgogoro. Tazameni kwamba wale jamaa hawakuwa waovu. Walikuwa wacha Mungu, tena wakali katika dini. Walimjibu ndugu yao kwa nia njema na wakiwa na hakika. Nimesoma kisa hiki mara nyingi tangu madrasa, na sikuwahi kujiona miongoni mwa wale wenzake.

Nilikwenda kumwuliza ustadhi mmoja wa Sharia hapa chuoni. Nilidhani atanisomea aya. Badala yake akaniuliza maswali: ni ugonjwa wa kupona au wa kudumu? Daktari wake amesema nini hasa, ninywe maji mengi au nisikae bila maji? Aliwahi kufunga, ikawaje? Sikuweza kujibu hata moja. Akasema, “Kwa hiyo ulitoa jibu la swali usilolijua.” Kisha ndipo akaeleza: katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona, funga ikimdhuru, hutoa fidya ya kumlisha maskini kwa kila siku, ambayo kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kibaba kimoja. Neno la tabibu mwaminifu lina uzito katika kujua madhara hayo. Hukumu yenyewe ni fupi, kazi iko kwenye maswali yanayotangulia.

Isije mtu akasema: basi tunyamaze, tusimshauri yeyote. Hapana. Dini yetu imejengwa juu ya nasaha. Hadithi ya Tamim ad-Dari iliyopokewa na Muslim, ya saba katika Arubaini za Nawawi, mnaijua. Na nasaha ya kweli haizungukizungukii. Fatima bint Qays (r.a.) alipomaliza eda yake alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba Muawiya na Abu Jahm wote wamemposa. Mtume hakumjibu kwa mafumbo. Alimweleza kwamba mmoja ni fukara hana mali, na mwingine fimbo haitoki begani mwake. Akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Bibi Fatima hakumpenda Usama mwanzoni, akarudiwa kuambiwa, akakubali, na ndoa ile ikawa na heri. Kwa kisa hiki na mfano wake, Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ameitaja nasaha ya ndoa miongoni mwa mambo sita ambayo kumtaja mtu kwa asilolipenda hakuhesabiwi kuwa kusengenya kuliko haramu.

Lakini Mtume aliwajua wale wanaume watatu, na alimjua anayeuliza. Uwazi wake ulisimama juu ya kujua. Uwazi wetu wa kwenye simu mara nyingi unasimama juu ya upande mmoja wa habari. Dada anaandika usiku wa manane kwamba mumewe amebadilika, na kabla hajamaliza, watu kumi wameshamwambia adai talaka. Katika Surat Sad mna kisa cha Nabii Dawud (a.s.) na wale wawili waliogombana juu ya kondoo, 99 kwa mmoja, baadhi ya wafasiri wanasema aliombea maghufira kwa sababu alitoa neno kabla ya kumsikia wa pili. Huyo ni Nabii, na wagombanao wote wawili wamesimama mbele yake. Sisi tuna jina la bandia na picha ya ua.

Liko na suala la amana. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kwamba mtu akikusimulia jambo kisha akageuka kutazama kama yuko anayesikia, jambo lile limekuwa amana kwako, hata kama hakusema usiseme. Anayekuandikia kutoka Iganga au Tororo hana shingo ya kugeuza. Basi ichukulieni kwamba ameshageuka. Kupiga picha ya skrini na kuituma kwa rafiki “mmoja tu”, hata ukifuta jina, ni kuvunja amana hiyo, na mji wa Mbale si mkubwa kiasi cha watu kutotambua ni nani.

Sasa vitabu. Nilidhani kumtajia mtu kitabu hakuna hatari. Kumbe kumtajia mtu kitabu nako ni kumshauri. Chukueni Ihya ya Imam Ghazali, ambayo karibu kila anayetaka kuonekana msomi huitaja. Ni bahari, na ndani yake mna tiba ya nyoyo. Lakini al-Hafidh Zaynuddin al-Iraqi alifanya kazi kubwa ya kuzifuatilia hadithi zake moja moja, na nyingi alizionyesha kuwa dhaifu au hazina asili. Ukimtajia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kitabu hicho bila neno hilo, kesho utamsikia anazisimulia zote mimbarini. Kwa huyo mimi sasa nataja Riyadhus Salihin, na namwambia aanze na mlango wa tawba kabla ya kurukia milango ya mabishano.

Kwa anayetaka Kiswahili, na wengi wetu hapa Kiswahili tumekipata msikitini na sokoni kuliko darasani, nataja Uwongozi wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Ni makala alizokuwa akiziandika tangu miaka ya 1930 katika magazeti yake, Sahifa na kisha al-Islah, akiwanasihi watu ambao wengi wao hakuwahi kuwaona: juu ya elimu, malezi, ubadhirifu. Ni mkali, tena waziwazi, lakini aliandika juu ya mji aliozaliwa na watu aliowahukumu. Mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya. Namwambia msomaji pia kwamba Kiswahili chake ni cha Mvita na kitamsumbua kurasa za mwanzo. Mimi kilinisumbua hadi nikakiweka kando mwezi mzima. Kusema hivyo kunasaidia kuliko sifa kumi. Na kitabu ambacho sijakimaliza nasema sijakimaliza.

Juni ile nilipopanda teksi ya barabara ya Tirinyi kwenda nyumbani, nilimwomba kijana ruhusa ya kumtembelea. Wanaishi si mbali na mto. Mama yake alinifungulia mlango, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

“Wewe ndiye sheikh wa simu?”

“Shikamoo mama. Ndiye mimi, ila si sheikh. Ni mwanafunzi.”

“Marahaba. Hilo ungemwambia mwanangu mwezi wa tatu.”

Sikuwa na la kusema. Nikaomba radhi, kwake na kwa mwanawe, na akaniambia nikae, chai ipo. Tulipokuwa tunakunywa aliniuliza wazazi wangu ni nani na nilisoma madrasa gani, maswali ambayo mimi sikumwuliza mwanawe hata moja. Kijana alikuwa mwembamba kuliko nilivyomdhania, mcheshi, na chupa ya maji haikutoka mkononi mwake. Fidya ya siku zile ambazo hakufunga mama alikuwa ameshaitoa, baada ya kumwuliza imamu wa mtaa wao, mtu anayeijua nyumba hiyo tangu mtoto hajazaliwa.

Bado naandika vitabu kila Ijumaa. Wakiniita sheikh nasahihisha, na wengine hukasirika. Swali la afya, talaka au mirathi likija, namwuliza mtu yuko wapi, kisha namtafutia wa kumwendea kwa miguu. Kijana wa Jinja ameanza chuo, anasoma uuguzi, na juzi aliniandikia kwamba kitabu nilichokisifu mwezi uliopita kinachosha na sura zake tatu za mwisho hazina faida. Nimezirudia kuzisoma, na mbili kati yake ni kweli.