Watoto Watakapouliza: Krismasi Katika Nyumba ya Mkristo

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kut. 12:24–27, Kumb. 6:4–9, 20–25, Yos. 4:1–7, Mt. 2:1–12, Luka 2:1–24, 2 Kor. 8:9.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Likariri pamoja na watu wote wa nyumbani mwako.

Desemba ni mwezi wa kwenda nyumbani. Mabasi ya Moshi, Same na Kisii hujaa, nauli hupanda, watoto hununuliwa nguo mpya. Siku ikifika mbuzi huchinjwa, pilau hupikwa, na bibi huwaona wajukuu ambao hajawaona mwaka mzima. Hizo ni baraka za kweli.

Hata hivyo, nyumba za Waadventista huipokea Krismasi kwa namna mbili. Katika nyumba ya kwanza siku hupita kama kwa majirani, na mtoto hubaki na kumbukumbu ya nguo, chakula na muziki. Katika nyumba ya pili baba hutangaza kwamba siku hiyo haimo katika Biblia, naye husema kweli, kisha mazungumzo huishia hapo. Mtoto wa nyumba hiyo hujua tu kile ambacho watu wa kwao hawakifanyi. Watoto hao wawili wakiulizwa Yesu alikuja duniani kufanya nini, huenda wote wawili wakakosa jibu.

Desturi Inayozaa Swali

*Soma Kutoka 12:24–27. Kumbukumbu la Torati 6:20–25 na Yoshua 4:1–7. Ni jambo gani linalojirudia katika mafungu haya matatu?*

Katika kila fungu, Mungu anatazamia kwamba mtoto atauliza. Mwanakondoo wa Pasaka na mikate isiyotiwa chachu havikuwa chakula cha kila siku. Mawe 12 yaliyotolewa katikati ya Yordani hayakuwa ya kujengea nyumba. Vitu hivyo viliwekwa ili mtoto ashangae na kutaka kujua maana yake.

Angalia pia ni nani anayejibu. Swali halikupelekwa kwa kuhani. Mzazi ndiye aliyepaswa kulijibu. Tena alijibu kama mtu yaliyempata mambo hayo: sisi tulikuwa watumwa, Bwana akatutoa. Hata vizazi ambavyo havikukanyaga Misri vilipaswa kujibu hivyo.

Basi kipimo cha desturi yoyote ya nyumbani ni hiki: mtoto akiuliza maana yake, mzazi atasema nini? Kama jibu pekee ni kwamba majirani wote wanafanya vivyo hivyo, desturi hiyo haijamfundisha mtoto lolote kuhusu Mwokozi.

Tarehe na Ujumbe

*Soma Luka 2:1–20. Luka anaeleza nini kuhusu wakati wa kuzaliwa kwa Yesu, na ni jambo gani halitaji?*

Luka anamtaja Kaisari Augusto, Kirenio, hori, na wachungaji waliokesha kondeni. Tarehe haitaji. Sikukuu ya Desemba 25 inaonekana wazi katika kumbukumbu za Roma katika karne ya 4. Mti wa Krismasi ulienea kutoka Ujerumani. Kwa hiyo hakuna anayefungwa kuishika siku hii kama siku takatifu. Siku ambayo Mungu mwenyewe aliitakasa ni Sabato.

Ellen G. White aliandika waziwazi kwamba Biblia haikutoa tarehe hiyo. Hata hivyo hakuwashauri wazazi waipuuze siku ambayo watoto wanaisikia kila mahali. Alitaka furaha yao ielekezwe kwa Kristo na kwa wahitaji, na alikubali hata mti uwekwe kanisani ili sadaka zitundikwe juu yake.

Kusujudu Kwanza, Hazina Baadaye

*Soma Mathayo 2:11. Mamajusi walifanya mambo gani, na kwa utaratibu gani?*

Waliingia nyumbani, wakamwona mtoto, wakasujudu; ndipo wakafungua hazina zao. Ibada ilitangulia, na zawadi zilikuwa zake Yeye.

Linganisha na Luka 2:24. Yusufu na Mariamu walitoa ndege wawili, sadaka ya mtu asiyeweza kupata mwanakondoo (Law. 12:8). Yesu alilelewa katika nyumba ya watu maskini, wala upungufu wao haukupunguza utukufu wake. Baba ambaye mwaka huu hana uwezo wa kununua nguo mpya hana sababu ya kuona aibu mbele za Mungu.

Wengi huumia hapa. Mkopo uliochukuliwa ili ndugu kijijini waone kwamba mambo ya mjini ni mazuri hudaiwa Januari, wakati ada na sare za shule zinasubiri, na amani ya nyumba huondoka. Yeye aliyekubali kuwa maskini kwa ajili ya wengine (2 Kor. 8:9) haheshimiwi kwa utajiri wa kuazima.

Jua Linapozama

Mwaka 2026 Desemba 25 ni Ijumaa, siku ya maandalio. Ikiwa hakuna aliyepanga, jua litazama huku akina mama na mabinti wakiwa bado jikoni na masufuria, na wageni wakiwa mbele ya televisheni. Familia iliyojipanga hula mapema, wanaume na wavulana huosha vyombo pia, na wote hukusanyika kufungua Sabato, wakiwamo ndugu wa imani nyingine.

Hapo ndipo babu apewe nafasi. Wamisionari Waadventista walifika Upare mwaka 1903, na Gendia, Kenya, mwaka 1906. Babu anaweza kusimulia jinsi Injili ilivyoingia katika ukoo wake, nani alibatizwa kwanza, na gharama aliyolipa. Simulizi hiyo kwa wajukuu ni kama mawe ya Gilgali.

Maswali ya Kujadili

1. Taja desturi moja ya Desemba nyumbani kwako. Mtoto akikuuliza maana yake, utamjibu nini?
2. Kaka anasherehekea Krismasi. Mdogo wake anakataa. Wote watakuwa kwa mama yao. Warumi 14:19 inawafundisha nini?
3. Ni mhitaji gani jirani ambaye watoto wako wanaweza kumpelekea chakula kwa mikono yao wenyewe, kabla hawajapokea chochote?