SOMO: KUTAMBUA NA KUPIMA BARIDI YABISI INAPOCHACHAMAA



Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha somo ambalo sisi wenyewe tulijifunza kwa aibu. Mama mmoja, mwanachama wa kikundi cha ufugaji wa mbuzi katika mojawapo ya sharika zetu, alikosa siku za kazi mara nne mfululizo. Kamati ilimwandikia barua ya onyo, nasi ofisini tukaipitisha. Tulipomtembelea, saa tatu asubuhi, tulimkuta hawezi hata kufunga kifungo cha blauzi yake. Ilipofika mchana alikuwa akitembea na kucheka, na ndiyo maana majirani walisema anajifanya. Hakuwa mvivu. Baridi yabisi ilikuwa imechachamaa.

1. Ni ugonjwa gani?

Wengi wetu huita kila maumivu ya viungo "baridi yabisi", tukidhani yanaletwa na baridi. Ugonjwa tunaouzungumzia hapa ni ule ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, hushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Viungo huvimba, hupata joto na kuuma. Usipotibiwa, mifupa huliwa na vidole hupinda. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, wala si wazee peke yao. Magoti ya uzee huuma zaidi baada ya kazi na hutulia kwa kupumzika. Jongo mara nyingi huanza ghafla kwenye kidole gumba cha mguu.

2. Dalili za kuchachamaa

Ugonjwa huu hupanda na kushuka. Maumivu ya siku moja hayatoshi kusema umechachamaa. Tuangalie mambo haya yakizidi hali ya kawaida ya mgonjwa kwa siku kadhaa:

(a) Kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, pengine saa kadhaa.
(b) Viungo kuvimba, mara nyingi pande zote mbili: vidole, vifundo vya mikono, nyayo.
(c) Uchovu mzito usioondoka kwa kulala.
(d) Kushindwa kazi ndogo kama kukamua nguo, kusonga ugali au kushika jembe.

Vichocheo vya kawaida ni kuacha dawa, maambukizi, kazi ya kupita kiasi na msongo wa mawazo. Wakati mwingine hakuna sababu inayoonekana.

3. Kupima

Wataalamu huhesabu viungo 28: mabega 2, viwiko 2, vifundo vya mikono 2, viungo vya vidole vya mikono 20 na magoti 2. Huangalia ni vingapi vinauma vikibonyezwa, na vingapi vimevimba. Kisha mgonjwa hutoa alama 0 hadi 10 kueleza jinsi ugonjwa unavyomsumbua, na mtaalamu naye hutoa yake. Namba hizo nne hujumlishwa. Jumla isiyozidi 2.8 maana yake ugonjwa umetulia. Hadi 10 ni kidogo. Hadi 22 ni wastani. Zaidi ya 22 ni mkali.

Mfano: viungo 6 vinauma, 4 vimevimba, mgonjwa ametoa 7 na mtaalamu 6. Jumla ni 23, yaani mkali. Kama mwezi uliopita mgonjwa huyo alikuwa na 8, tunaona wazi kwamba ugonjwa umepanda. Kipimo hiki hakihitaji maabara.

Nyumbani linatosha daftari. Kila asubuhi aandike alikakamaa kwa dakika ngapi, maumivu kati ya 0 na 10, na kazi iliyomshinda. Alinganishe na hali yake mwenyewe, siyo ya jirani. Daftari hilo aende nalo kliniki.

4. La kufanya

- Asiache wala kuongeza dawa bila kuzungumza na daktari.
- Dawa ya methotrexate humezwa mara moja kwa wiki, siyo kila siku. Kosa hili limewahi kuua. Mwanamke anayetarajia kupata mimba amwambie daktari mapema.
- Asijinunulie dawa za maumivu mfululizo. Huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.
- Kiungo kimoja kikivimba ghafla na kuwa na joto, hasa pamoja na homa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Huenda kuna usaha ndani.

5. Maswali ya kujadili katika kamati

(i) Je, tuna mwanachama tuliyemhesabu mvivu bila kumtembelea?
(ii) Ni kazi gani za kikundi zinaweza kufanywa mchana badala ya alfajiri?
(iii) Nani atamsindikiza mgonjwa kliniki, na nauli itatoka wapi?

Barua ile tuliifuta, tukaenda kumwomba mama yule radhi. Sasa yeye ndiye mtunza daftari la kikundi, na majani ya mbuzi hukatwa na wenzake wakati ugonjwa unapopanda. Marafiki wanaotuchangia hutuuliza mbuzi wameongezeka kiasi gani, nao wana haki ya kujibiwa. Tunawaomba watuulize pia ni wanachama wangapi tumewapoteza njiani, na kwa nini.