Siku Mbili Cordoba: Funzo Kuhusu Kuhitilafiana



Mwaka jana nilikuwa Madrid kwa masomo ya muda mfupi. Wanafunzi wanne wa Kiislamu tukapanda treni kwenda Cordoba, mwendo usiofika saa mbili. Nilikwenda kuitazama fahari ya Andalus, nikarudi nikijionea haya. Sababu yake ndiyo somo letu la leo.

Msikiti Mkuu wa Cordoba ulianza kujengwa na Abdurrahman wa Kwanza mwaka 785. Tangu mwaka 1236 umekuwa kanisa. Ndani mna nguzo zaidi ya 800 na matao mekundu kwa meupe. Waislamu hawaruhusiwi kusali humo, basi Adhuhuri na Alasiri tulizisali tulipofikia, kwa kukusanya na kupunguza.

Jambo la kwanza lililonishughulisha ni mihrabu. Imeelekea kusini, ilhali kutoka Cordoba Makka iko mashariki ikipinda kidogo kusini. Wanahistoria wamesimulia kuwa khalifa Al-Hakam wa Pili alipoupanua msikiti katika karne ya 10, wataalamu wa nyota walimweleza hivyo, lakini ikachaguliwa kubaki na kibla cha waliotangulia. Wakahitilafiana, wakaendelea kusimama safu moja.

Jambo la pili ni Ibn Rushd, ambaye sanamu yake iko karibu na ukuta wa mji wa kale. Alizaliwa Cordoba mwaka 1126, akawa kadhi wa mji huo. Katika kitabu chake Bidayatul Mujtahid, kila mas'ala huyapanga hivi: wanavyuoni wameafikiana wapi, wamehitilafiana wapi, na nini sababu ya kuhitilafiana. Mojawapo ni kunuti ya Alfajiri: Imamu Shafi aliiona kuwa sunna, Imamu Abu Hanifa hakuiona hivyo, na kila mmoja ana dalili yake.

Hapo ndipo nilipoona haya. Muhula mzima nilikuwa nimeacha kusali Alfajiri kwenye msala wa kampasi yetu kwa sababu imamu wetu husoma kunuti. Wenzangu watatu walinifuata. Sikuwahi kumuuliza imamu dalili yake, wala sikuijua vizuri yangu.

Jambo la tatu ni Madinatuz Zahra, mji wa kifalme ulioanzwa na Abdurrahman wa Tatu mwaka 936, kilomita chache nje ya Cordoba. Leo ni magofu. Haukubomolewa na jeshi la Wakristo. Uliporwa na kuharibiwa karibu na mwaka 1010, Waislamu wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Ukhalifa ukaanguka mwaka 1031. Cordoba ilipotekwa mwaka 1236, fitna ilikuwa imemtangulia adui kwa zaidi ya miaka 200.

Niliporudi nilimwendea imamu, nikamwomba radhi, nikarudi kwenye safu. Wawili kati ya wale watatu wamerudi pia. Mmoja bado, na dhambi ya kumtoa naiona ni yangu.

Ndugu msomaji, kabla hujamhukumu mwenzako kwa mas'ala ya tawi, jiulize haya:

1. Je, wanavyuoni wameafikiana juu yake?
2. Dalili ya mwenzangu ni ipi?
3. Nikijitenga, nani atajitenga pamoja nami?

Wabillahi tawfiq.