Sauti ya Iyu Katika Ukulele

Kwetu Fuma, kisiwa cha Wabajuni kusini ya Kismayu, mtoto hujua ya kuwa mshipi uliokazwa hulia. Tulikuwa tukiufunga baina ya miti miwili na kuudonoa. Aliyeugusa katikati kwa ncha ya kidole, bila kuukandamiza, alisikia sauti nyembamba kama ya filimbi. Ni ile ile ya kwanza, ila imepanda, kwa sababu kila nusu ya uzi sasa hutetema peke yake, mara mbili upesi zaidi. Jina kamili la kisiwa chetu ni Fuma Iyu na Tini, yaani juu na chini; basi nami sauti hizi mbili naziita Iyu na Tini.

Ukulele, ile gitaa ndogo ya nyuzi nne iliyozaliwa Hawaii kutokana na ala za Wareno waliotoka Madeira mwaka 1879, hufanya vivyo hivyo. Gusa uzi mtupu juu kabisa ya kijichuma cha 12 cha shingo, udonoe, na papo hapo uondoe kidole. Utaipata Iyu. Lakini hiyo ni sauti moja kwa kila uzi, na wimbo hauchezeki kwa sauti nne.

Hapa ndipo nilipokwama miezi mingi. Nilibana kijichuma cha 5 kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nikaendelea kugusa pale pale penye 12. Ilitoka "tk" tu, kama mtu agongaye kibuyu! Sikufahamu ya kuwa uzi uliobanwa umekwisha fupika, na katikati yake imehama. Uzi wangu una sentimita 34; ukibanwa kwenye 5 hubaki 25 na nusu, na nusu yake ni kama 12 na robo tatu kutoka kidaraja. Ndipo pa kugusa. Kwa hesabu nyepesi, ongeza 12 daima: ukibana 5 gusa 17, ukibana 7 gusa 19. Ukulele yangu haina vijichuma zaidi ya 12, kwa hiyo nilitia alama za penseli juu ya ubao. (Wapigaji wa udi hawana kijichuma hata kimoja, nao huyapata yote kwa sikio.)

Mkono wa kulia hufanya kazi mbili: kidole cha shahada hugusa, na gumba, lililovutwa nyuma upande wa kidaraja, hudonoa. Sauti ikitoka kavu, usizidishe nguvu. Sogeza shahada kadiri ya unene wa ukucha, ujaribu tena.