Kahawa ya kihambani: uende Kilimanjaro lini, na utazame nini

Wageni wengi wanaopelekwa kwenye mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro huondoka wakikumbuka mambo mawili: kutwanga kwenye kinu huku nyimbo zikiimbwa, na kukaanga juu ya moto wa kuni. Ni burudani nzuri, na wenyeji wanajua kumchangamsha mgeni. Ila kahawa inapofika kwenye kinu, ubora wake umeshapatikana au umeshapotea wiki kadhaa nyuma. Anayetaka kuelewa kwa nini kahawa ya nyumba moja inaipita ya jirani yake aende msimu wa mavuno, takriban Julai hadi Desemba, na kabla ya kinu aombe aonyeshwe uchumaji, umenyaji na uanikaji.

Ushahidi uko kihambani penyewe. Kihamba ni shamba la ukoo, mara nyingi dogo kuliko hekta moja, ambamo mibuni hukua chini ya migomba na miti ya kivuli kama mgrivea, na maji huletwa na mifereji ya jadi, yaani mifongo. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo huu, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Kivuli na baridi ya mlimani huivisha matunda polepole, wala hayaivi pamoja: tawi moja lina mekundu, ya njano na mabichi. Kwa hiyo mchumaji makini huurudia mti uleule mara kadhaa, akichagua mekundu tu. Matunda humenywa siku hiyohiyo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, punje zenye utelezi huachwa zichachuke siku moja au mbili, huoshwa, kisha huanikwa kwenye vichanja, ambako hugeuzwageuzwa na kufunikwa mvua inapokaribia. Zikichachuka kupita kiasi, hakuna mkaangaji atakayeiondoa ile harufu ya siki. Mgeni ainuse ndoo na ayapitishe macho kichanjani. Atajifunza mengi kuliko maelezo ya mtembezaji.

Wapo watakaosema mashamba makubwa yenye mitambo ya kisasa huyaonyesha haya kwa utaratibu zaidi. Ni kweli, na anayependa sayansi ya zao hili anayo sababu ya kufika Lyamungu, kwenye makao ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyozalisha aina zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Lakini hesabu ya familia huonekana kihambani tu. Kilo tano au sita za matunda hutoa takriban kilo moja ya kahawa safi, na kukaanga huipunguza tena. Ukishachuma hata nusu ndoo kwa vidole vyako, hutashangaa bei ya pakiti ndogo. Pengine utashangaa kwamba haiko juu zaidi.

Pingamizi lenye uzito ni hili: kahawa iliyokaangwa kwenye chungu huwa haikaangiki sawasawa, punje nyingine zimeungua na nyingine bado zina ubichi. Hilo halina utetezi. Kahawa hiyo ni ya kunywa palepale. Ya kupeleka nyumbani, uliza kama familia ina iliyokaangwa kwa mashine, na uulize imekaangwa lini. Kama hawana, nunua Moshi mjini kwa muuzaji anayeweza kukutajia kijiji au chama cha msingi ilikotoka. Ushirika wa wakulima hapa ni wa siku nyingi. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilianzishwa 1933, kwa hiyo swali la kahawa imetoka wapi si geni kwa mtu yeyote.

Vihamba vya Materuni na Marangu hufikika kwa gari kutoka Moshi, na ratiba yako iendane na ya shamba. Epuka Machi hadi Mei, masika, njia zinapoteleza na mavuno hayapo. Vaa viatu vya kukanyaga tope na beba sweta hata kama Moshi kuna joto. Wakubwa waamkie shikamoo kabla ya kutoa kamera. Patana bei mapema, uulize ni kiasi gani kinaifikia familia yenyewe, na fedha ya kahawa umkabidhi mwenye shamba mkononi. Kisha ufike asubuhi wachumaji wakiwa shambani, na usikubali kuondoshwa kabla mashine ya kumenyea haijaanza kuzungushwa.